Karamu Isiyoliwa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vichekesho vya Buñuel

Toleo lililopita tuliitaja kwa mistari michache filamu ya mwongozaji Mhispania Luis Buñuel ya mwaka 1972, Le Charme discret de la bourgeoisie, tukasema ni kipimo cha vichekesho vya kisurealisti, yaani vyenye mantiki ya ndoto, vinavyowakejeli wenye nacho. Barua zilizofuata zimejaza safu nzima. Tumezipunguza urefu, ukali tumeuacha.

SWALI (Tanga): Mhariri, salaam. Niliitafuta hiyo filamu mliyoisifu, nikaitazama mpaka mwisho. Watu sita wanakwenda kula, hawali. Wanakwenda tena, hawali. Saa moja na dakika arobaini nasubiri kisa kianze. Kisa ni kipi?

JIBU: Umekisimulia mwenyewe. Watu sita wanataka kukaa mezani wale, na hawali. Chanzo chake ni jambo lililompata mtayarishaji wa filamu, Serge Silberman, akamsimulia Buñuel: aliwaalika watu nyumbani kwake chakula cha usiku, akasahau kumwambia mkewe, akasahau pia kwamba usiku uleule yeye mwenyewe kaalikwa kwingine. Wageni wakafika na maua mkononi, wakamkuta mama mwenye nyumba yumo katika nguo za kulalia, keshakula. Buñuel na mwandishi mwenzake, Jean-Claude Carrière, wakalifanya hilo mwanzo wa filamu, kisha wakajiuliza: mara ya pili watazuiwa na nini? Na ya tatu? Mswada uliandikwa upya mara tano kabla hawajaridhika, kwa sababu kila kizuizi kilipaswa kuwa cha ajabu kuliko kilichotangulia bila kuacha kuaminika.

Ukiitazama tena, usisubiri kisa, hesabu sababu. Ya kwanza ni tarehe tu: mwenyeji anasema mwaliko ulikuwa wa kesho. Wanahamia mkahawani, huko mwenye mkahawa amefariki mchana huo, maiti iko chumba cha pili na mishumaa pembeni, na wahudumu bado wako tayari kuwahudumia. Siku nyingine wenyeji, Bwana na Bibi Sénéchal, wanashikwa na hamu wageni wakiwa wameshafika, wanatoka kupitia dirishani wakajifiche bustanini. Wageni wanadhani wenzao wamewakimbia polisi, nao wanatimua. Woga wao una msingi: balozi wa Miranda, nchi ya kubuni ya Amerika Kusini, anaingiza kokeini kwa mkoba wa kibalozi, na waume wawili wa kundi hilo ni wabia wake. Wanawake watatu wanaingia mkahawa wa chai: chai imekwisha, kahawa imekwisha, maziwa yamekwisha, yamebaki maji. Kisha kikosi cha jeshi kinabisha hodi wakiwa mezani, kimekuja mazoezini siku moja kabla ya ratiba. Kisha kuku wa bandia. Kisha polisi. Kisha majambazi wenye bunduki.

Sababu zinapanda kutoka kosa la kalenda hadi mauaji. Kisichopanda wala kushuka ni adabu yao. Penye maiti wanasikitika kwa kiasi kinachostahili, wanaaga. Penye mkahawa wa chai usio na chai hawapandishi sauti. Hapo ndipo kejeli ilipo, wala si kwenye matukio ya ajabu: hawa wanaweza kupoteza kila kitu isipokuwa namna ya kushika glasi. Kuna onyesho fupi ambalo watu hulipita haraka. Mmoja wao anafundisha jinsi martini inavyotengenezwa na inavyonywewa, kidogokidogo, kwa utulivu. Halafu anamwita dereva na kumpa glasi. Dereva anaimeza kwa mkupuo mmoja, anashukuru, anatoka. Wanatazamana: mnaona? Dereva hakukosea kitu. Alipewa kinywaji, akanywa.

SWALI (Morogoro): Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikitaka kuwaeleza wanafunzi filamu hii, jina lake niliseme vipi? Hiyo bourgeoisie ni mabepari? Makabaila?

JIBU: Makabaila liondoe. Kabaila ni bwana wa ardhi, na hawa hatuoni hata shamba lao. Bepari linakaribia, ila limebeba mzigo. Lilipotufikia kutoka lugha za Bara Hindi lilimaanisha mfanyabiashara tu, ndiyo maana lilimfaa Mwalimu Nyerere mwaka 1969 alipoipa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare jina la Mabepari wa Venisi. Lakini miaka hiyohiyo, baada ya Azimio la Arusha, neno lilishaanza kuvutwa upande wa siasa, na leo ukisema bepari msikilizaji anaona mwenye kiwanda na mirija. Wahusika wa Buñuel hatuwaoni kazini hata dakika moja. Tunawaona wakialikana. Sisi tungechukua mabwanyenye: lina mali ndani yake, na lina kujiona.

Kigumu zaidi ni lile neno discret. Buñuel na Carrière wenyewe walilipata mwishoni. Waliwahi kufikiria jina la kipuuzi kabisa lililomtaja Lenin pamoja na Bikira zizini, baadaye wakabaki na "haiba ya bourgeoisie", wakaona limepwaya, linadai kivumishi. Walichokichagua kinasema mambo mawili kwa pamoja: unyamavu wa mtu mstaarabu, na unyamavu wa mtu mwenye jambo la kuficha. "Staha" inabeba la kwanza na kuliacha la pili. "Siri" inafanya kinyume. Pendekezo letu ni Haiba ya Chinichini ya Mabwanyenye. Mkoba wa kokeini unaingia humo bila kusukumwa.

SWALI (Nairobi): Hujambo, mhariri? Nusu ya pili imenichanganya. Mtu anaamka, kumbe alikuwa anaota. Mwingine anaamka, kumbe na yule naye alikuwa ndotoni. Kuna njia ya kujua ndoto inaanzia wapi?

JIBU: Hakuna, na ilikusudiwa hivyo. Filamu za kawaida hukupa alama ya kuingia ndotoni: ukungu, kinanda, picha inayotetemeka. Buñuel hatoi alama ya kuingia. Anatoa ya kutoka tu, mtu anaposhtuka usingizini. Kwa hiyo huwezi kujua umo ndotoni mpaka umeshatolewa, na kamera, mwanga na nguo ni vilevile pande zote mbili.

Ukitaka kuipanga, anza na kuamka, kisha urudi nyuma. Kuamka ni kunne. Kwanza Sénéchal: wamealikwa kwa kanali wa kile kikosi cha jeshi, kuku anadondoka na kumbe ni wa kuchezea, pazia linafunguka, wako jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa watu, na chini ya jukwaa kuna mtu anawanong'oneza maneno ambayo hawakuyakariri. Anaamka, na safari hii wanakwenda kwa kanali kwelikweli. Huko balozi anaulizwa maswali ya kuudhi kuhusu nchi yake, kanali anamzaba kofi, balozi anamfyatulia bastola. Anayeamka sasa ni Thévenot, mwingine wa wale sita, na anamwambia mkewe kwamba aliota Sénéchal anaota. Hapo ndipo wengi wanapopotea: kule kuamka kwa kwanza nako kulikuwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Wa tatu ni kamishna wa polisi, aliyeota mzimu wa askari mwenye damu akifungua mahabusu. Wa nne ni balozi. Majambazi wamewaua wenzake wote, yeye kajificha chini ya meza, na mkono wake unapanda taratibu kuchukua kipande cha nyama juu ya meza. Unamponza. Anaamka, anakwenda jikoni, anafungua friji, anakula peke yake.

Ndoto ya sajenti wa kile kikosi na kisa cha utotoni cha luteni wa kwenye mkahawa wa chai usizihesabu pamoja na hizi. Hizo zinasimuliwa, na mwenye kuzisimulia tunamwona akianza na akimaliza.

Wako wanaodai kwamba nusu ya filamu ni ndoto ya balozi. Filamu haina ushahidi wa kulithibitisha hilo wala wa kulikanusha, na kulibishania ni kutwanga maji kwenye kinu. Kuhusu wale sita wanaotembea barabara ya mashambani, ambayo umeiuliza chini ya barua yako: inarudi mara tatu, hawafiki, hawaongei. Sisi tunaichukua kama mahali pa kupumulia kati ya sehemu na sehemu. Anayetaka kuifanya fumbo zito atakuwa na kazi ngumu, kwa sababu wanatembea vizuri tu, kwa viatu vizuri.

SWALI (Arusha): Nakala yangu ina kasoro. Waziri anapotoa sababu ya kuwaachia mahabusu, inapita ndege na sisikii kitu. Hata maandishi ya chini hayapo. Nitapata wapi nakala nzima?

JIBU: Nakala yako ni nzima. Kelele ziliwekwa makusudi, na si mara hiyo moja. Kila mtu anapokaribia kueleza jambo zito, ndege, king'ora au mashine ya kuchapa inamfunika. Mkubwa anatoa sababu, mdogo anatekeleza, mwananchi anasikia ndege. Usiongeze sauti ya televisheni. Utaumiza masikio bure. Ukiisikiliza vizuri utagundua pia kwamba filamu haina muziki wa kupaka juu ya maonyesho ili kukuambia ucheke wapi. Buñuel alikuwa na masikio mabovu uzeeni, na baadhi ya watu wanaeleza ukimya huo kwa ugonjwa. Sisi tunaona ni uamuzi wa kazi: muziki wa vichekesho ungeshawaambia watazamaji kwamba wahusika hawa ni wapumbavu, na mchezo ungeishia hapo.

SWALI (Bukoba): Yule askofu anampiga mtu bunduki. Hii ni kejeli kwa matajiri au ni matusi kwa dini?

JIBU: Buñuel alisomeshwa na Wajesuti mjini Zaragoza na alilijua Kanisa kutoka ndani. Filamu yake Viridiana ya mwaka 1961 ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na ikalaaniwa na gazeti la Vatikani, kwa hiyo swali lako si geni. Lakini mtazame askofu huyu kwa mavazi yake. Anakuja nyumbani kwa akina Sénéchal kuomba kazi ya bustani. Akiwa katika nguo za mtunza bustani anafukuzwa kama mwizi. Anarudi na joho lake, anakumbatiwa na kuombwa radhi. Mtu ni yuleyule. Nyuma ya utani huo kuna jambo la kweli: Ufaransa ilikuwa na mapadre waliofanya kazi viwandani tangu miaka ya 1940, Roma ikawazuia mwaka 1954, ikawaruhusu tena mwaka 1965. Buñuel anapandisha cheo tu, kutoka padre mfanyakazi hadi askofu mfanyakazi, na anataka alipwe kima cha chama cha wafanyakazi.

Ama ile bunduki: mzee anayekufa anaungama kwamba aliwaua mabwana zake zamani, na askofu anatambua kuwa hao walikuwa wazazi wake. Tazama mpangilio. Anamsikiliza hadi mwisho, anamwondolea dhambi kwa utaratibu kamili, na ndipo anachukua bunduki. Hakuruka hatua hata moja ya ibada. Ni kejeli ileile ya glasi ya martini, imehamia kanisani.

SWALI (Mwanza): Katika filamu nyingine ya Buñuel, El ángel exterminador, wageni wanaingia nyumbani mara mbili. Walikosea kuhariri?

JIBU: Hapana, ingawa hata mpiga picha wake, Gabriel Figueroa, alidhani ni kosa. Filamu hiyo ya Mexico ya mwaka 1962 ina marudio kama ishirini: salamu zilezile, hotuba ileile ya kunyanyua glasi, watu wawili wanaotambulishwa kwa mara ya pili kana kwamba hawajaonana. Watu wa tabaka hilo wanayarudia hayo kila wiki; filamu inayarudia bila kuwaarifu. Baadaye wageni hawawezi kutoka sebuleni, ingawa mlango uko wazi na hakuna anayewazuia. Wanabomoa ukuta kutafuta bomba la maji, wanachinja kondoo. Wanaokolewa pale kila mmoja anaporudi palepale alipokuwa usiku ule muziki ulipokwisha, wakatamka maneno yaleyale. Kwa mara moja, marudio yanasaidia. Watumishi, kumbuka, karibu wote walishaondoka kabla ya chakula, bila kujua kwa nini.

SWALI (Zanzibar): Chuoni tunafundishwa uhalisia mazingaombwe kupitia riwaya za Nagona na Mzingile za Kezilahabi. Usurealisti ni kitu hichohicho?

JIBU: Ni binamu. Katika uhalisia mazingaombwe ajabu ni sehemu ya dunia ya wahusika: mizimu ina historia, ina jamaa, imani ya jamii inaibeba. Usurealisti, ambao mshairi Mfaransa André Breton aliuandikia ilani mwaka 1924, unachota ndotoni, na hautaki ajabu iwe na asili. Buñuel na mchoraji Salvador Dalí walipoandika filamu ya Un chien andalou waliwekeana sharti: picha yoyote inayoweza kuelezeka kwa mantiki, kwa saikolojia au kwa utamaduni, itupwe. Kwa hiyo ukiuliza "hii ina maana gani katika jamii yao?" na jibu likapatikana haraka, pengine uko kwenye mazingaombwe. Jibu lisipopatikana ila hukuweza kuondoa macho, uko kwa Breton.

SWALI (Dodoma): Shikamooni wahariri. Sisi ni kikundi cha sanaa, watu kumi na mmoja, tuna simu mbili nzuri za kurekodia na maiki moja. Tunataka kutengeneza kichekesho cha dakika kumi cha namna hii, karamu ya wakubwa isiyofika mwisho. Tulijaribu, watu wakasema ni maigizo ya kawaida. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kazi yenu hatujaiona, lakini kosa linalojirudia katika majaribio ya aina hii ni moja: waigizaji wanajua kwamba jambo ni la ajabu. Wanakodoa macho, wanashika mdomo, wanageukiana. Mwigizaji akishashangaa, mtazamaji hana tena la kufanya.

Anzeni na mswada. Ukurasa mmoja wa mswada hukaribia dakika moja ya filamu, kwa hiyo msizidi kurasa kumi, na ndani yake chakula kizuiwe mara tatu au nne. Msiwachukue mabwanyenye wa Paris, hamuwajui. Mnawajua wa kwenu. Mnayo meza kuu, mnaye mgeni rasmi anayesubiriwa mpaka wali unaganda, mnalo kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hajawahi kupewa mtu. Mathalani mshereheshaji anatambulisha itifaki. Orodha haiishi, kwa kuwa kila anayetambulishwa anaomba naye amtambulishe aliyefuatana naye. Hilo linawezekana kabisa. Dakika ya nne anatambulishwa marehemu. Anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi ya kilo, anakaa. Orodha inaendelea.

Kila onyesho liwe na jambo moja tu lisilowezekana. Mkiweka mawili, la pili linalipa la kwanza ruhusa, na mtazamaji anaacha kuamini meza yenyewe. Na wahusika walipokee jambo hilo kama kijiko kilichodondoka: wamekiona, wamekifumbia macho, maongezi yanaendelea. Mwenyeji anaweza kuomba radhi. Asieleze.

Carrière na Buñuel walikuwa na zoezi ambalo kikundi chenu kinaliweza bila gharama. Baada ya kazi ya siku kila mmoja alijitenga kwa nusu saa atunge kisa, chochote, kisha wakutane wasimuliane. Mawazo mengi yalikufa palepale. Zoezi lilikuwa la kuifanya akili isizoee kujizuia.

Sasa kurekodi. Watu sita kwenye meza moja ni mtego, kwa sababu kila anayeongea anamtazama mtu, na kamera ikivuka upande wa pili wa meza ghafla mtu aliyekuwa anatazama kulia anatazama kushoto. Chagueni upande mmoja, wekeni alama ya utepe sakafuni, msiivuke. Rekodini kwanza onyesho zima kwa shoti pana kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu au zaidi, ndipo mchukue shoti za watu wawiliwawili. Sura kubwa ya mtu mmoja itumieni kwa ubahili. Kichekesho hiki kinakaa kwenye meza nzima, kwa wale watano wanaokaa kimya mmoja anapoongea. Simu iwe kwenye stendi. Kwenye simu fungieni kiwango cha mwanga na fokasi visijibadilishe kabla ya kuanza, vinginevyo kila mtu akiinama picha inapauka. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiwa na namba tofauti taa nyingi zitamemesa kwenye picha na hamtaweza kuziponya katika uhariri.

Kitambaa cheupe pepe cha meza kinaunguza picha. Kichovyeni kwenye chai nyepesi ya rangi, kikaushwe. Machoni kitabaki cheupe, kwenye kamera kitatulia. Juisi ya choya inapita vizuri kama mvinyo mwekundu, na chai ya rangi iliyozimuliwa kwa maji ni wiski. Chakula cha moto kinapoteza mvuke ndani ya dakika chache, kwa hiyo mvuke uoneshwe kwenye shoti moja tu, mara sahani inapoingia. Kama kuku lazima akatwe mbele ya kamera, hesabuni kuku mmoja kwa kila jaribio na mwongeze mmoja wa akiba. Pigeni picha ya meza kabla ya kila jaribio, mjue kila glasi ilikuwa imejaa kiasi gani. Hapa mna bahati: karamu isiyoliwa ndiyo rahisi kuliko zote kuilinganisha, maana sahani zinabaki kama zilivyo.

Vyombo visiwe vya kuigiza. Wakilazimika kuonekana matajiri, waonekane kweli, hata kama ni kwa kuazima. Buñuel alilalamika mpaka uzeeni kwamba katika El ángel exterminador hakuwa na leso za mezani za hadhi ile. Alipata moja tu nzuri ya kuonesha karibu na kamera, na hiyo iliazimwa kwa mpamba nyuso wake. Meza ya bei rahisi inaigeuza kejeli kuwa wivu.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Zimeni friji na feni. Funguo za gari au za nyumba zitieni ndani ya friji ili msiondoke bila kuiwasha. Chini ya kitambaa cha meza tandikeni blanketi jembamba, uma na visu vikiguswa visilie kama karakana. Maiki moja mwisho wa mti, juu ya meza, nje ya fremu, inatosha, mradi anayeishika anajua nani anafuata kuongea. Mkimaliza, watu wote wakae kimya dakika moja na mrekodi ukimya wa chumba. Bila huo, kila mkato utasikika kama mlango.

Katika uhariri msitie alama ya ndoto yoyote, wala muziki wa kuchekesha, wala sauti ya "pwaa". Kateni moja kwa moja. Baada ya jambo la ajabu acheni shoti pana sekunde mbili zaidi ya mnavyodhani inafaa, muda wa mtu kuchukua leso akajifute mdomo usio na chakula.

SWALI (Mombasa): Ni kweli Buñuel alinunua Oscar?

JIBU: Alisema mwenyewe, akitania. Kabla ya tuzo kutolewa mwaka 1973 aliwaambia waandishi wa habari wa Mexico, kwa uso mkavu, kwamba bila shaka atashinda kwa kuwa ameshalipa dola 25,000 alizotakiwa, na kwamba Wamarekani wana kasoro zao lakini ni watu wa ahadi. Habari ikachapishwa, Silberman akapata kazi ya kuzima moto. Wiki chache baadaye Le Charme discret ikashinda kama filamu bora ya lugha ya kigeni, ikiiwakilisha Ufaransa, na Buñuel akaendelea na hadithi yake palepale alipoiachia.

SWALI (Kigoma): Tuna klabu ya filamu, tunakutana Jumamosi, televisheni moja na watu kama ishirini. Tuanze na ipi ya Buñuel?

JIBU: Msianze na zile za ujana wake. Anzeni na hii ya 1972, kwa kuwa inachekesha hata kwa asiyejua chochote. Wiki inayofuata El ángel exterminador, ya kama saa moja na nusu, isiyo na rangi. Hapo watu wataona wazo lilelile limegeuzwa: kule hawawezi kula, huku hawawezi kuondoka. Ya tatu iwe Le Fantôme de la liberté ya 1974, yenye meza ambayo wageni wanaizunguka wamekaa juu ya vyoo, kisha mmoja anaomba radhi akajifungie kwenye chumba kidogo ale. Ya mwisho Cet obscur objet du désir ya 1977, ambamo waigizaji wawili, Carole Bouquet na Ángela Molina, wanacheza mwanamke mmoja na mpenzi wake hatambui. Wengi wenu nanyi hamtatambua mara moja, kwa hiyo aliyeiona asiseme.

Hapo ndipo mrudi Un chien andalou ya 1929, ya dakika kama 16. Waonyeni watu mapema: dakika za mwanzo jicho linapasuliwa kwa wembe. Lilikuwa jicho la ndama aliyekwisha kufa, lakini taarifa hiyo haisaidii kitu wakati wa kutazama. Ifuate L'Âge d'or ya 1930, ambayo gharama zake zililipwa na kabaila wa kweli, Vicomte de Noailles, na ambayo watu wa mrengo wa kulia waliivamia ukumbini Studio 28 mjini Paris, wakairushia skrini wino, mpaka polisi wakaipiga marufuku.

Na kama Jumamosi huwa mnakula pamoja, kuleni kabla.